Charles Darwin na Wanyama Wasiojulikana Nasaba

Jina la Charles Darwin likitajwa barazani kwetu, mazungumzo huharibika. Mmoja atasema huyo ndiye aliyedai kwamba binadamu ametokana na nyani. Wa pili atajikinga kwa Mola. Wa tatu atageuza maneno ili watu warejee kwenye bei ya samaki. Sikuja leo katika ukurasa huu kutoa fatwa. Mashekhe wetu wamekwisha sema yao, na kila msomaji anaijua imani yake. Nimekuja na kisa cha mtu huyo, na kisa cha mifupa aliyoikusanya akiwa kijana katika Amerika ya Kusini. Mifupa hiyo iliwashinda wataalamu kuitafutia ukoo kwa zaidi ya miaka 180, hata mwaka 2015 jibu lilipopatikana kwa njia ambayo yeye mwenyewe asingeiota.

Sisi watu wa pwani twaujua uzito wa neno nasaba. Wako wazee wetu wawezao kukuhesabia mababu kumi na zaidi pasi na kusita. Twajua pia kwamba sura si ushahidi. Utamkuta mtu kafanana na jirani kuliko anavyofanana na nduguye wa tumbo moja. Basi msomaji alishike hilo, maana kisa chote hiki ni cha sura na nasaba.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake, Robert, alikuwa daktari mwenye mali nyingi na mwili mkubwa. Mama yake, Susannah, alitoka katika ukoo wa Wedgwood, mafundi mashuhuri wa vyombo vya udongo, naye alifariki mwaka 1817 mwanawe akiwa na umri wa miaka minane. Pande zote mbili za ukoo zilikuwa adui wa biashara ya watumwa. Babu yake mzaa mama, Josiah Wedgwood, alitengeneza mwaka 1787 nishani ndogo ya udongo yenye sura ya mtumwa katika minyororo, na wapinzani wa utumwa wakawa wakiivaa kama pambo ili kila mtu aione. Kijana alilelewa katika nyumba ambamo maneno hayo yalizungumzwa mezani.

Mwaka 1825 alipelekwa Edinburgh, Uskoti, akasomee udaktari kama baba yake. Hakuuweza. Zama zile hapakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi, na mtu alipasuliwa huku akipiga mayowe. Darwin aliingia mara mbili katika chumba cha upasuaji, mara moja mgonjwa akiwa mtoto mdogo, na mara zote mbili akatoka mbio kabla kazi haijesha.

Mwalimu wa Lothian Street

Lakini huko huko Edinburgh alipata somo ambalo halikuwa katika ratiba ya chuo. Katika mtaa alimopanga, Lothian Street, aliishi mtu mweusi aitwaye John Edmonstone. Mtu huyu alizaliwa utumwani Demerara, katika nchi iitwayo leo Guyana. Huko alifundishwa na mtaalamu wa ndege, Charles Waterton, namna ya kuchuna ndege na kuwajaza ngozi zao hata wakaonekana kama wa hai. Alipofika Uskoti alikuwa huru, na kazi hiyo ndiyo iliyompa riziki. Mwaka 1826 Darwin, mwana wa tajiri, akiwa na miaka 17, alikwenda kwake kusoma kwa ada ya gini moja, yaani shilingi 21 za wakati ule, saa moja kila siku kwa miezi miwili. Alimpenda mwalimu wake na akawa akikaa naye kuzungumza.

Darwin hakulitaja jina la mwalimu huyo katika kumbukumbu alizowaandikia wanawe uzeeni. Wanahistoria ndio waliolitafuta baadaye. Hilo mimi naliona ni deni. Maana lau si mikono ya Edmonstone, kijana yule asingejua kuhifadhi hata shomoro, na ndege aliowaleta kutoka safarini wangaliliwa na wadudu njiani.

Baba, baada ya kuona udaktari umekataa, akampeleka Cambridge asome awe kasisi. Huko napo alishughulika zaidi na mende wa porini kuliko vitabu vya dini. Siku moja alikuwa na mende wawili wa ajabu, mmoja kila mkono, akamwona wa tatu. Akamtia mmoja kinywani ili apate mkono wa kumshikia yule mgeni. Mende akamtemea maji makali ulimini, akalazimika kumtema, na yule wa tatu naye akakimbia. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyependwa na profesa wa mimea, John Henslow, na Henslow ndiye aliyempendekeza mwaka 1831 asafiri katika merikebu ya kifalme Beagle, iliyokuwa ikienda kupima pwani za Amerika ya Kusini.

Baba alikataa. Mjomba, ndugu wa marehemu mama yake, akamwombea hata baba akakubali. Kisha nahodha naye nusura amkatae. Nahodha Robert FitzRoy alikuwa na miaka 26 na aliamini kwamba tabia ya mtu husomwa usoni, na pua ya Darwin haikumpendeza. Aliiona ni pua ya mtu asiye na bidii wala ustahimilivu. Mwisho akaridhika. Safari iliyopangwa kuwa ya miaka miwili iliondoka tarehe 27 Desemba 1831 na kurudi tarehe 2 Oktoba 1836, na mwenye pua ile alitapika karibu miaka mitano kwa ugonjwa wa bahari asiiache kazi hata siku moja aliyoweza kusimama.

Mwaka 1832, Beagle ilipotia nanga Bahia, Brazili, wawili hao waligombana. FitzRoy alisimulia kwamba amemtembelea mwenye watumwa wengi, na kwamba bwana huyo aliwaita watumwa wake akawauliza kama wanataka uhuru, nao wote wakajibu kuwa hawautaki. Darwin akamwuliza nahodha kama jibu la mtumwa mbele ya bwana wake lina thamani gani. FitzRoy akapandwa na ghadhabu akamwambia hawawezi tena kuishi pamoja. Baada ya saa chache akamtaka radhi. Sisi ambao mababu zetu waliyaona majahazi ya watumwa yakipakia na kupakua katika bandari hizi hizi, hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa swali lile. Kijana wa miaka 23 aliliuliza akiwa mgeni katika meza ya nahodha, na nyumba yake ya pili ilikuwa maji ya bahari.

Kichwa cha shilingi moja na nusu

Sasa tuingie katika mifupa. Mwezi Septemba 1832, mahali paitwapo Punta Alta karibu na Bahía Blanca, nchini Ajentina, Darwin aliona mifupa mikubwa imetokeza katika genge la pwani. Alichimba kwa siku kadhaa akisaidiwa na baharia kijana, Syms Covington. Wakatoa vichwa na mataya ya wanyama ambao hakuna aliye hai aliyewaona, baadhi yao wakubwa kama ndovu. Mabaharia walicheka, na nahodha mwenyewe alitabasamu kuona shehena ya takataka ikipandishwa merikebuni. Afisa mwenye dhamana ya usafi wa sitaha hakucheka.

Novemba 1833 alikuwa Urugwai, karibu na mji wa Mercedes. Alisikia kwamba katika shamba moja kuna mifupa ya jitu. Akaenda, akakuta fuvu kubwa mno ambalo mafuriko yalilifukua katika ukingo wa kijito. Watoto wa shamba walikuwa wamelisimamisha wakilipiga mawe kama shabaha, wakayavunja meno yake. Alilinunua kwa peni 18, yaani shilingi moja na nusu ya Kiingereza. Na kwa bahati, katika kingo za mto mwingine, umbali wa maili kama 180 kutoka hapo, alikuwa ameokota jino zima ambalo lilienea sawasawa katika tundu moja la fuvu hilo.

Januari 1834, katika bandari ya San Julián huko Patagonia, akafukua tena sehemu ya kiunzi cha mnyama mwingine, mwenye shingo ndefu na miguu mirefu. Alidhani huenda ni mastodoni, jamaa ya ndovu aliyetoweka. Hakuwa na hakika, na hakujifanya anayo. Aliyafunga yote katika makasha akampelekea Henslow.

Mifupa ilipofika London ilikabidhiwa Richard Owen, bingwa wa mifupa wa Uingereza, mtu mwenye elimu kubwa na kiburi kisichopungua elimu. Owen akampa yule mwenye fuvu la shilingi moja na nusu jina la Toksodoni, maana yake jino la upinde, kwa kuwa magego yake yamepinda. Huyu alimtatiza kila aliyemtazama. Mwili wake ulikuwa mkubwa kama kifaru. Meno yake yalikuwa yakiota bila kukoma, kama ya panya. Macho na pua vilikaa juu kichwani, kama mnyama wa majini. Darwin na Owen wote wawili waliona ndani yake kitu cha nguva, yule yule nguva ambaye wavuvi wetu wanamjua. Mnyama mmoja, sura tatu au nne zisizopatana.

Yule wa San Julián aliitwa Makraukenia mwaka 1838. Huyu Owen alidhani amemjua. Aliona katika pingili za shingo kwamba njia ya mshipa wa damu imepita ndani ya mfupa kama ilivyo kwa ngamia na lama, wala si kama kwa wanyama wengine. Akamfanya jamaa ya hao. Lama, kwa asiyemjua, ni mnyama wa Amerika ya Kusini wa jamaa ya ngamia, lakini hana nundu.

Na hapa pana ajabu. Darwin aliliamini neno la Owen. Akajiuliza: kwa nini katika ardhi ile ile ya Patagonia anapotembea leo guanako, lama wa mwitu, alitembea zamani lama mkubwa aliyetoweka? Kwa nini mahali penye armadilo, mnyama mdogo mwenye deraya ya mfupa mgongoni, pawe na mabaki ya mnyama wa deraya mkubwa mara nyingi zaidi? Mwaka 1837 alifungua daftari la siri akaanza kuandika juu ya viumbe kubadilika, na yeye mwenyewe aliweka kumbukumbu kwamba mifupa ile ya Amerika ya Kusini, pamoja na viumbe wa visiwa vya Galápagos, ndiyo chanzo cha fikira zake zote. Basi sehemu moja ya chanzo hicho ilikuwa kosa. Makraukenia hakuwa lama. Wa deraya walikuwa jamaa kweli, na hoja ikasimama kwa mguu huo.

Nyumba ya Down

Maisha yake ya baadaye yalikuwa ya mtu wa nyumbani. Januari 1839 alimwoa Emma Wedgwood, binti wa mjomba wake, na mwaka 1842 wakahamia kijiji cha Down, mkoa wa Kent. Kwa miaka 40 aliishi hapo akiugua maradhi ambayo madaktari hawakuyajua: kutapika, moyo kwenda mbio, kuchoka baada ya mazungumzo ya nusu saa. Walizaa watoto kumi, saba wakafika utu uzima.

Emma alikuwa mcha Mungu. Mwanzoni mwa ndoa yao alimwandikia mumewe barua, akieleza hofu yake kwamba utafiti utamtoa katika imani na kwamba wasije wakatengana baada ya kufa. Darwin aliihifadhi barua hiyo maisha yake yote, na juu yake aliandika kwamba mara nyingi ameibusu na kulia. Mwaka 1851 binti yao Annie, mwenye miaka kumi, alifariki katika mji wa Malvern baba akiwa kando ya kitanda. Wengi wanaoandika juu yake huona kwamba imani iliyokuwa imedhoofika ilizimika katika chumba kile. Uzeeni alisema kuwa yeye ni mtu asiyejua, wala si mtu anayekana kuwapo kwa Mungu. Emma alibaki na dini yake na ndoa ilibaki na mapenzi yake. Nimelitaja hili kwa sababu tumezoea kumchora mtu huyu kama mwenye pembe.

Kitabu chake kikubwa alikikalia miaka ishirini. Juni 1858 ilimfikia barua ya Alfred Russel Wallace, aliyekuwa visiwa vya Malay, yenye wazo lile lile. Katika siku hizo hizo mtoto wake mchanga alikuwa akifa kwa homa. Rafiki zake walizisoma karatasi za wote wawili katika mkutano mmoja London tarehe 1 Julai 1858, Darwin mwenyewe akiwa kwake katika msiba. Kitabu kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250. Juu ya binadamu hakikusema karibu lolote. Hayo aliyaacha hata mwaka 1871, aliposema kwamba mtu na nyani wana mzazi mmoja wa kale aliyekwisha toweka. Hapo ndipo wengi wetu tunapoachana naye, na sioni haja ya kujificha.

Lakini katika kitabu hicho hicho cha 1871 mna jambo ambalo baraza zetu hazilitaji. Zama zile walikuwapo maprofesa wa heshima, Marekani na Ulaya, waliofundisha kwamba mtu mweusi ni aina nyingine ya kiumbe, aliyeumbwa mbali, asiye na nasaba moja na Mzungu. Mafundisho hayo yaliwapendeza sana wenye mashamba ya watumwa. Darwin aliyapinga. Alisema watu wote ni jamii moja yenye asili moja, na kwamba rangi na nywele ni tofauti za juu juu. Miongoni mwa ushahidi wake alitaja jinsi akili na tabia za watu wa mbali zilivyofanana na zake, na akamkumbuka mtu mweusi mmoja aliyepata kuwa na urafiki naye. Jina hakulitaja tena. Sisi twamjua.

Nisimpambe kupita kiasi. Katika vitabu vyake aliwaandika wenyeji wa Tierra del Fuego kwa dharau, na alizungumza juu ya mataifa ya juu na ya chini kama Waingereza wa siku zake. Aliamini kwamba nasaba ni moja, lakini hakuwaketisha jamaa wote jamvi moja.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 19 Aprili 1882, umri wake miaka 73, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey jijini London. Hata siku ile hapakuwa na aliyeweza kusema kwa yakini Toksodoni na Makraukenia walikuwa jamaa ya nani.

Wala waliokuja baadaye hawakuweza. Kila bingwa alitazama mifupa akaona afanano lake. Mmoja aliona ngamia, mwingine farasi. Wako waliosema hata karne hii kwamba baadhi ya wanyama hao ni jamaa ya ndovu na wanyama wengine wa Afrika. Wakati huo huo mifupa yenyewe ilipata msiba. Mei 1941, katika vita vikuu vya pili, mabomu ya Wajerumani yaliliangukia jumba la chuo cha madaktari wapasuaji London lilimokuwa limehifadhiwa, na mengi yaliyokuwamo yakaangamia. Fuvu la Toksodoni lilisalimika, na leo limo katika jumba la makumbusho ya viumbe la jiji hilo.

Kilichobaki ndani ya mfupa

Njia ya siku hizi ya kutafuta nasaba ni DNA, ule uzi wa urithi uliomo katika chembe za mwili. Lakini uzi huo ni dhaifu. Joto na unyevu huukatakata, na katika mifupa ya Toksodoni na Makraukenia iliyojaribiwa kwanza haukupatikana wa kufaa. Ndipo wataalamu wakageukia kitu kigumu zaidi, nacho ni protini iitwayo kolajeni.

Kolajeni msomaji anaijua ingawa hajui jina lake. Ukichemsha makongoro ya ng'ombe kwa saa nyingi kisha supu ikapoa, huganda ikatikisika. Kinachoiganda ni kolajeni iliyotoka katika mifupa na mishipa. Katika mfupa hai imo kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tatu, na chokaa ya mfupa imeizunguka ikiilinda. Kila uzi ni kama tasbihi ndefu yenye punje zaidi ya elfu moja, na punje hizo, ziitwazo asidi amino, ni za namna kama ishirini tu. Mpangilio wake haulingani kabisa baina ya mnyama na mnyama. Kwa jamaa wa karibu hupishana punje chache. Kwa wa mbali hupishana nyingi. Hesabu tofauti, na utajua nani ndugu wa nani. Sura ya mfupa haiulizwi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Hukatwa kipande kidogo cha mfupa, chokaa ikaondolewa kwa asidi, kisha kolajeni hukatwa kwa kimeng'enya cha namna ile iliyomo matumboni mwetu kwa kusagia chakula. Vipande hutiwa katika mashine ipimayo uzito wa vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Kwa kuwa kila asidi amino ina uzito wake (isipokuwa mbili zinazolingana), kutokana na uzito wa vipande husomwa mpangilio wa punje. Kwa njia hii hii waliweza mnamo mwaka 2010 kutenganisha mifupa ya kale ya kondoo na ya mbuzi, ambayo mchinjaji wa miaka arubaini anaweza kukosea akipewa kipande. Na ni njia ya jamii hii hii inayotumika kupima jelatini iliyo katika peremende na vidonge, kujua ni ya ng'ombe au ya nguruwe. Kwa hiyo msomaji asidhani elimu hii iko mbali na sahani yake.

Mwezi Machi 2015 lilitangazwa jibu. Wataalamu wa Uingereza, Ujerumani, Marekani, Ajentina na kwingineko, akiwamo kijana Frido Welker na mwalimu wake Matthew Collins wa Chuo Kikuu cha York, walichukua vipande vya mifupa ya Toksodoni na Makraukenia kutoka majumba ya makumbusho ya Ajentina, mifupa yenye umri wa miaka kama elfu kumi na mbili. Walisoma yapata sehemu tisa katika kumi za kolajeni yao, wakazilinganisha na za wanyama waliopo. Haikuwa ngamia. Haikuwa ndovu, wala nguva, wala panya. Wote wawili, ambao kwa sura hawafanani hata kidogo, ni ndugu wao kwa wao, na jamaa zao wa karibu zaidi walio hai ni farasi, kifaru na tapiri, yaani wanyama ambao vidole vyao vya miguu ya nyuma ni witiri, kimoja au vitatu.

Mwaka 2017 wengine walifanikiwa kupata DNA ya Makraukenia katika mfupa uliokaa kwenye pango la baridi kusini mwa Chile. Ikatoa jibu lile lile, na ikaongeza kwamba ukoo wake na ukoo wa farasi na kifaru uliachana yapata miaka milioni 66 iliyopita. Mashahidi wawili, wasiosikilizana, maneno yao yakawa mamoja.

Na kazi hiyo imekwisha fika kwetu. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba protini imesomwa katika maganda ya mayai ya mbuni kutoka Laetoli, Tanzania, yenye umri wa miaka milioni 3.8. Mwaka 2025 ikaja habari ya Turkana, hapa hapa Kenya, mahali penye jua ambalo mtu angedhani halibakishi kitu. Humo, katika lile gamba gumu la nje la meno ya wanyama wa kale, wakiwamo wa jamaa ya ndovu na ya kifaru, mabaki ya protini yamepatikana, na jino la zamani kuliko yote lina umri wa miaka milioni 18. Meno mengine kutoka huko yangali yanangojea zamu yao.